Daktari wa meno, miaka 27: niondoke sasa au nisubiri?

Mwana_Kondoa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nilimaliza DDS, digrii ya udaktari wa meno, pale Muhimbili, nikafanya intani mwaka mmoja, sasa nina mwaka na nusu kwenye hospitali ya wilaya kanda ya kati. Tupo wawili tu, mimi na tabibu wa meno, mama mtu mzima aliyenipokea kama mwanawe. Kiti ni kimoja. Taa yake iliungua tangu Februari, nafanya kazi kwa tochi ya kichwani niliyonunua mwenyewe. Kompresa ikigoma, siku hiyo hakuna kuziba, ni kung'oa tu.

Juzi kaja binti wa kidato cha tatu, jino la mbele la juu limetoboka hadi ndani. Lile jino linaokoka kwa tiba ya mzizi. Nimefundishwa, naiweza, vifaa ndiyo sina. Nikataka kumpa rufaa ya mkoani, baba yake akasema nauli hana. Nikamchoma ganzi, nikaling'oa. Alipojitazama kwenye simu yangu aliziba mdomo kwa kiganja, akatoka mlangoni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

Sifichi kwamba nataka na maisha mazuri: nyumba, likizo, watoto wasome bila mikopo. Mchumba wangu ni nesi na yuko tayari twende. Nawaza Uingereza au Oman. Nianzie wapi?

Dada_Leicester

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma habari ya huyo binti mara mbili, maana na mimi ninaye wangu, wa Manyoni, mwaka 2016.

Nilikuja huku 2018 nikimfuata mume wangu aliyekuwa anasoma. Digrii yetu haikupi leseni ya Uingereza moja kwa moja. Kuna mtihani wa madaktari wa meno waliosomea nje, unaitwa ORE, wenye sehemu mbili, ya nadharia na ya vitendo. Kabla ya kuukaribia wanataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wastani wa alama 7 na hakuna kipengele chini ya 6.5, pamoja na uthibitisho wa saa 1,600 ulizotibu wagonjwa kwa mkono wako. Sehemu ya kwanza nilifaulu 2019. Mwaka 2020 korona ikaja, mitihani ikasimama. Ilipofunguliwa, foleni ilikuwa ndefu na nafasi chache, zinajaa ukiwa bado unaandika jina. Sehemu ya pili nimefaulu 2023, na ada yake peke yake ilizidi pauni 4,000.

Hesabu hiyo miaka. Mwanamke aliyeng'oa magego 20 kwa siku Singida alikuwa anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Siidharau kazi ile, wale wazee niliwapenda. Ila mikono ya daktari wa meno ikikaa bila kazi inasahau. Nikanunua kichwa cha plastiki cha mazoezi, nikakibana kwenye meza ya jikoni. Mtoto akilala, nachonga meno ya plastiki ya kuvika kofia mpaka saa nane za usiku. Unga mweupe ulikuwa unajaa mpaka kwenye sufuria. Mwanangu alikiogopa kile kichwa, nikawa nakifunika khanga mchana.

Zamani ukiwa na digrii ya nje uliweza kujisajili kwa kazi kama ya kusafisha meno huku unasubiri mtihani. Mlango huo ulifungwa Machi 2023. Kwa hiyo usije na mpango uliosikia kwa waliotangulia.

Sasa nafanya kazi, nashukuru Mungu. Taa inawaka, vifaa vipo, mtoto anasoma bure. Lakini wengi wetu tumejiajiri, siku nisipotibu silipwi, na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inalipa kwa vizio vya kazi: uchunguzi ni kizio kimoja, meno ya bandia ni 12, ukiyarudia mara tatu ni 12 zile zile. Na huku pia kuna watu wanajing'oa meno wenyewe nyumbani kwa kukosa daktari wa NHS. Nilidhani hayo nimeyaacha Manyoni.

Wa_Muscat

Mdogo wangu, Oman ni karibu zaidi. Vyeti vyako vinahakikiwa kuanzia chuo ulichosoma hadi baraza lililokusajili, halafu unafanya mtihani wa kompyuta. Mimi nilipoomba walitaka miaka miwili ya kazi baada ya intani, wewe bado miezi sita, ivumilie. Mshahara haukatwi kodi, na kliniki nyingi zinakuongezea asilimia ya unachoingiza.

Jambo moja lilinigusa sana. Wiki yangu ya kwanza kaja bibi wa Kiomani, kakaa kwenye kiti, kaniambia, "Mwanangu, polepole, nami naogopa sindano." Kiswahili cha Unguja kitupu! Nilitaka kulia.

Ila kibali chako kimefungwa na mwajiri. Wa kwanza alinicheleweshea mshahara miezi miwili, na kuhama haikuwa rahisi. Na madaktari wa meno wa Kiomani wanaongezeka kila mwaka. Huku unachuma, huhamii.

Kaka_wa_Usa_River

Mimi nilibaki. Tuliungana watatu, tukakopa SACCOS, tukanunua kiti kilichotumika na mashine ya kuchemshia vifaa. Huku chini ya Meru maji yana floraidi nyingi, vijana wanakuja na meno ya kahawia wanataka kucheka bila kuziba mdomo. Tunawapaka kijazio chenye rangi ya jino, tunawarudisha shule. Deni bado lipo, nalala vizuri.

Mwana_Kondoa

Asanteni sana. Kaka wa Usa River, nikija Jumamosi moja nitazame mnavyofanya, nitakaribishwa? Dada, hizo saa 1,600 anathibitisha nani?

Kaka_wa_Usa_River

Njoo. Tunafungua saa mbili asubuhi.

Dada_Leicester

Waliokusimamia, kwa barua yenye mhuri. Iombe ukiwa bado kazini. Mimi msimamizi wangu alistaafu, nikamtafuta miezi minne.