Grupu la wafuga kuku limejaa WhatsApp na matapeli wamezidi. Nihamie Telegram?

Jogoo wa Kibaha:
Wakuu, heshima mbele. Mimi ni admini wa grupu la wafuga kuku wa kienyeji na chotara. Tulianza majirani 17, leo tumegonga 1,024 na WhatsApp haipokei mtu tena. Nikitaka kuingiza mgeni lazima nimtoe mwenyeji, na mwenyeji ukimtoa anapiga simu: "Admini, nimekukosea nini?"

Kinachonimaliza zaidi ni matapeli. Wanaingia kwa linki, saa nane usiku wanamwaga "tuma 20,000 upokee 200,000". Mwezi uliopita mmoja aliweka picha yangu kwenye profaili, akamfuata mama mmoja pembeni, akala hela yake ya vifaranga 100. Mpaka leo yule mama salamu yangu anaipokea kwa shingo upande.

Kijana wangu anasema Telegram kuna boti (siyo ya Zanzibar, ni programu inayojiendesha) inayofukuza matapeli yenyewe. Wenye uzoefu, nihame?

Fundi Simu:
Hama mkuu. Kule grupu linabeba hadi watu 200,000, na mtu anaweza kuficha namba yake, kwa hiyo tapeli hachoti namba za wanachama kama anavyochota WhatsApp. Boti unaiongeza kwenye grupu kama mwanachama, halafu unaipa uadmini na ruhusa ya kufuta meseji. Bila ruhusa hiyo itakaa tu kama mlinzi aliyenyang'anywa rungu. Mgeni akiingia inamwambia abonyeze kitufe kuthibitisha ni binadamu. Na historia usiiache: tangu Januari 2021 Telegram inapokea gumzo lililotolewa WhatsApp.

Mama Wawili:
Fundi, umeongea kama mtu mwenye waifai ya ofisini. Kaka Jogoo, wanachama wako wananunua kifurushi gani? Sisi kwenye kikoba wengi tuna kile cha WhatsApp tu. Tulihama kwa mbwembwe, baada ya wiki mbili kule tukabaki viongozi watatu tunapeana "asubuhi njema".

Mkulima wa Thika:
Huku Kenya kuna jambo lingine. Novemba 2023 Telegram ilikuwa ngumu kufunguka nchi nzima wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na Novemba 2024 ikawa hivyo hivyo, kwa sababu ya wanaouza karatasi za mtihani kule. Sisi wakulima wa nyanya tulikuwa tumefunga grupu la WhatsApp kabisa, tukakosa pa kuulizana bei. Usibomoe nyumba ya zamani.

Daktari wa Kuku Moro:
Niongeze la boti, maana lilinikuta. Grupu moja ninalosaidia, admini aliiamuru ifute kila meseji yenye namba ya simu. Ikafika siku ya kideri, kuku wanapinda shingo, watu wanalia. Naandika namba ya duka lenye chanjo, inafutwa. Naandika tena, inafutwa. Ya tatu ikanifungia saa 24 kwa kosa la kutangaza biashara! Admini alikuwa msibani, simu kazima. Kwa hiyo boti iwe na mwenye kuiangalia kila siku, na watu unaowaamini uwaandike wasiguswe.

Fundi Simu:
Hapo dokta nakubali. Mkuu, una maadmini wangapi?

Jogoo wa Kibaha:
Niko mwenyewe. 😅

Mama Wawili:
Ndiyo ugonjwa wenyewe huo! Watu 1,024 mchungaji mmoja. Chagua wanne leo, mmoja awe mkesha hoi. Washa ile ya admini kumkubali mtu kabla hajaingia, na linki ya zamani ibadilishe. Waliozidi wafungulie grupu la pili, uyaunganishe yote chini ya jumuiya moja hapo hapo WhatsApp. Matangazo yako yatafika kote.

Jogoo wa Kibaha:
Nimerudi na mrejesho, wiki mbili zimepita. Linki nimebadilisha, maadmini tuko watano, mmoja ni mlinzi wa usiku kweli kweli, anafuta matapeli akiwa lindoni. Grupu la pili lipo. Telegram nimefungua ya kuhifadhi masomo ya chanjo tu, wameingia 61. Boti nayo nimeiweka. Wa kwanza kufutiwa meseji nilikuwa mimi, nilipobandika linki ya kuwakaribisha. Yule mama wa vifaranga nimempa uadmini, ndiye mkali kuliko wote.