Ami yangu anataka nimwandikie kitabu cha maisha yake ya mpira. Nishike wapi?

BintiShela

Assalam aleikum wanajamvi.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Shela, kisiwani Lamu (wenyewe twasema Amu), mwaka wa tisa huu. Wageni wakiondoka huacha vitabu, maana ndege ndogo za Manda hupima mzigo kwa kilo. Wanaume wa makamo kutoka Uingereza huacha aina moja tu: maisha ya mchezaji mpira fulani, jina kubwa juu, chini uso umekaza kama wa picha ya kitambulisho. Rafu ya ukumbini imejaa. Mwezi wa tano mvua ikishika na wageni wakikatika, mimi husoma. Vingine vina mchanga katikati ya kurasa. Kimoja kimegandana kwa mafuta ya jua kuanzia ukurasa wa themanini hadi mwisho, kwa hiyo sijui yule bwana alistaafu vipi.

Sasa ami yangu. Huyu ni ndugu mdogo wa baba, alikuwa winga wa kushoto hapa Amu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Siku hizi hushona nyavu na kukaa barazani Langoni. Alinikuta na kitabu cha kwanza cha Wayne Rooney, kile cha 2006, akaniuliza huyu kijana ana umri gani. Nikamwambia kilipotoka alikuwa hajatimiza miaka ishirini na moja. Ami akacheka mpaka sindano ya nyavu ikamtoka mkononi. "Ishirini? Huyo ameishi nini? Basi na mimi niandikie changu."

Nilidhani ni mzaha. Kesho yake alikuja kazini kwangu na daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, akaviweka mezani akaondoka.

Nimekwama mambo mawili. La kwanza, niandike "mimi" kana kwamba ni yeye, au niandike "ami yangu"? La pili ni zito. Kuna mechi moja ya Faza, kule kisiwa cha Pate, ambayo ndiyo roho ya maisha yake. Yeye asema alifunga mabao matatu. Mamangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana na alisikia habari siku ile ile, asema ni moja. Nifanyeje?

Kipa_wa_Malindi

Waaleikum salaam dada. Hilo la mabao usilichukulie mzaha, kitabu humrudia mwenyewe. Mimi ni shabiki wa Manchester United tangu utotoni, kwa hiyo mfano nautoa nyumbani kwangu. Roy Keane, nahodha wetu, alimchezea rafu Alf-Inge Haaland wa Manchester City pale Old Trafford, Aprili 2001. Akapewa kadi nyekundu, akatumikia adhabu, mambo yakapoa. Mwaka uliofuata ukaja wasifu wake, na ndani yake rafu ile ikasimuliwa kama kisasi kilichokuwa kikisubiri tangu 1997. Chama cha mpira cha Uingereza kikafufua kesi: mechi tano nje na faini ya pauni 150,000. Na yule aliyemwandikia, Eamon Dunphy, mwandishi wa habari aliyewahi kucheza mpira mwenyewe, alifika mbele ya kamati kueleza kwamba maneno yale aliyapanga yeye. Haikusaidia kitu. Jina lililokuwa juu ya jalada ni la Keane.

Huyo Rooney wako naye, katika kitabu hicho hicho cha 2006, alimgusa David Moyes, kocha wake wa Everton. Moyes akaenda mahakamani. Mwaka 2008 Rooney akaomba radhi na fidia ikalipwa.

Ami yako hana pauni 150,000. Mwulize kwanza kama yuko tayari watu wa Faza wamjie barazani.

Sina_Timu

Mnampa dada wa watu kazi bure. Vile ni bidhaa za Krismasi, baba wa Kiingereza anunuliwe na mkwewe. Huyo Rooney alisaini mkataba wa vitabu VITANO kabla hajaandika hata barua. Ashley Cole naye mwaka huo huo wa 2006 akatoa cha kwake, asimulia jinsi alivyopigiwa simu akiwa anaendesha gari, akaambiwa Arsenal wanampa pauni 55,000 kwa wiki badala ya 60,000 alizotaka, akataka kutoka barabarani kwa hasira. Kwa hasira ya elfu hamsini na tano! Kwa wiki!

Na hata wale mnaowasifu. Cha Zlatan Ibrahimović, yule mshambuliaji wa Sweden, 2011, kila mtu alikisifu, "hiki ndicho cha kweli, sauti yake mwenyewe." Baadaye mwandishi wake, David Lagercrantz, mtunzi wa riwaya, akakiri hadharani kwamba humo karibu hamna maneno ya Zlatan yaliyonukuliwa vile vile. Alimsikiliza kisha akatunga sauti. Sasa wasifu ni wa nani hapo?

BintiShela

Kaka Sina_Timu, hicho cha Cole ninacho rafuni. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikasema angekuwa Shela angetoka njiani akaangukia punda.

Lakini cha Zlatan usinivunjie. Nilikisoma kwa siku mbili, mvua haikatiki. Yale ya Rosengård kule Malmö, mtoto wa wazazi walioachana, friji halina kitu, anaiba baiskeli za watu kisha yake ikiibiwa anashangaa. Nawajua watoto wa namna hiyo, wawili ni binamu zangu. Kama Lagercrantz alitunga sauti, basi alisikiliza kwanza, maana mtu huwezi kukisia friji.

Na cha Didier Drogba, kile cha 2015, je? Ana miaka mitano, anapandishwa ndege Abidjan peke yake kwenda Ufaransa kwa mjomba wake Michel Goba, ambaye naye alikuwa mchezaji, timu ndogo, leo mji huu kesho ule. Miaka mitano! Mimi nililelewa na shangazi Mpeketoni tangu nina saba, na hapo ni barabara na boti tu, na nililia mwezi mzima. Kurasa za makombe yake nimezisahau zote. Ile ya uwanja wa ndege sijaisahau.

Nadhani hapo ndipo pananisumbua. Ami akianza kusimulia, asimulia mabao. Bao la kichwa, bao la mguu wa kulia ingawa yeye ni mashoto. Mabao yote yanafanana, mnisamehe wapenzi wa mpira. Jana nikamrekodi kwa simu saa nzima, humo mna adhana, punda wawili, na mabao kumi na moja. Sikupata hata sentensi moja ya kuandika.

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, swali lako la kwanza lina majibu ya zamani kuliko hao wachezaji. Tippu Tip alipozeeka Unguja, Mjerumani mmoja wa ubalozi, Heinrich Brode, alimsihi aandike maisha yake. Akayaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi na kuyafasiri. Ukiyasoma unasikia mfanyabiashara: bei, njia, nani anadaiwa nini. Mengine kayapita kimya, na ukimya wenyewe unasema. Shaaban Robert naye katika Maisha Yangu hakutaja kila alichofanya, lakini alitia humo Utenzi wa Hati aliomtungia bintiye Mwanjaa. Ukishausoma huo unamjua baba, hata ukisahau alifanya kazi idara gani.

Kwa hiyo andika "mimi". Na Kiamu chake usikioshe. Akisema "moya", usiandike "moja". Mhariri atakayekataa, mwache akatae.

Kuhusu mabao, usimwulize mabao. Mwulize walifikaje Faza.

BintiShela

Shikamoo mwalimu. Nimefanya ulivyosema, na sikulala jana.

Nilimwuliza, "Ami, siku ile mlikwendaje Faza?" Akanyamaza. Kisha akaweka wavu chini, jambo ambalo halifanyi hata akila.

Walitoka Amu alfajiri kwa mashua, watu kumi na wanne, mpira mmoja, na jozi saba za viatu. Saba! Waliokuwa na viatu ni wale wa mbele, mabeki walicheza miguu mitupu. Nahodha alikosea hesabu ya maji. Mnajua Mkanda, ule mlango wa mikoko kati ya Manda na bara, maji yakipwa chombo hukaa. Wakakaa. Jua likapanda, mbu wakatoka mikokoni, mkate wa mofa ukaisha saa tatu. Kipa wao, kijana wa miaka kumi na saba, akaanza kulia kwa sababu babake alimkataza kwenda na sasa atajua. Ami akamvulia viatu vyake akampa avae, amtulize. Yaani mtu yuko ndani ya mashua iliyokwama kwenye tope, amevaa viatu vya mpira visivyokuwa vyake, analia.

Maji yakajaa baada ya adhuhuri. Walifika Faza jua limeinama, wenyeji wameshakata tamaa, wengine wamekwenda zao. Mechi ikachezwa kipindi kimoja na robo hivi, giza likaingia. Ami alicheza miguu mitupu, kwa sababu aliona haya kumwomba yule kijana viatu vyake. Yule kipa alifariki baharini miaka miwili baadaye. Mechi hiyo ndiyo pekee aliyowahi kucheza nje ya Amu.

Nikamwuliza, mbona hukuwahi kunisimulia haya? Akasema, "Hayo si mpira."

Nina kurasa ishirini na tatu. Mabao bado sijayafika.

Sina_Timu

Haya. Hicho nitanunua.

MwanaFaza

Salaam. Nimeusoma uzi huu kwa sauti hapa nyumbani, baba akisikiliza. Babangu ndiye aliyekuwa golini upande wa Faza siku ile. Amekubali yote: kuchelewa, giza, wachezaji miguu mitupu. Anakumbuka hata kijana wa viatu, anasema alidaka vizuri kuliko umri wake. Ila anasema hakufungwa hata bao moja. Hata moja. Anataka iandikwe hivyo.

Kipa_wa_Malindi

Niliwaambia.

BintiShela

Nimemsomea ami. Amekasirika kwa dakika kumi, akamtaja mzee kwa jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha akaniuliza mara mbili: "Yu hai?" Nikamwambia yu hai, na anamkumbuka yule kijana.

Ameshazungumza na mwenye boti. Ijumaa baada ya swala tunavuka. MwanaFaza, mwambie mzee asitoke nyumbani. Nitakuja na simu iliyojaa chaji, na safari hii hesabu ya maji ninapiga mimi.