Naomba ushauri: pedi za kufua zinavuja usiku

Habari zenu dada zangu. Naombeni msaada, hasa kwa mnaotumia pedi za kitambaa.

Huu ni mwaka wa pili natumia pedi za kufua, na mchana sina shida nazo kabisa. Tatizo ni usiku wa siku ya pili na ya tatu, damu inapokuwa nyingi. Nikilala chali, damu inateleza kwenda nyuma kabla pedi haijaifyonza. Asubuhi nakuta katikati ya pedi ni pakavu, lakini ncha ya nyuma imelowa chapachapa na shuka lina doa.

Nimejaribu pedi ndefu ya sentimita 35. Afadhali kidogo, ila nikigeuka inasogea. Nikavaa mbili, moja ikifuatia nyingine. Zinaachana pale zinapokutana na damu inapita hapohapo. Kulala ubavu kunasaidia, lakini usingizini najikuta nimerudi chali. Sasa hivi natandika taulo jeusi na kuamka saa tisa usiku kubadilisha. Nimechoka kweli. Mabonge makubwa ya damu sina, wala sibadilishi kila saa, kwa hiyo sidhani kama ni ugonjwa.

Kikombe cha hedhi (kile kinachoingizwa ukeni kukusanya damu) naambiwa kinaweza kukaa hadi masaa 12. Je, siku za damu nyingi kinamudu usiku kucha, au bado mnavaa na pedi? Na wanaolala na chupi za hedhi, je, kwa nyuma kitambaa cha kufyonza kinafika hadi kiunoni, au nayo inaishia njiani?