Naomba ushauri: kurekodi bundi na chozi wa Pemba kwa vifaa vya kujitengenezea

MtotoWaKonde

Assalamu alaykum jamani. Mimi nipo Konde, Pemba. Nina hamu kubwa ya kurekodi sauti za ndege wetu, hasa wale wanne ambao duniani kote wapo hapa kisiwani tu: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na chozi wa Pemba. Nimejaribu kwa simu, msituni Ngezi na kwenye mikarafuu ya nyumbani. Kwa sikio bundi namsikia vizuri kabisa, lakini nikifungua rekodi nakuta mvumo mtupu, na sauti yake inapanda na kushuka kana kwamba mtu anachezea kitasa cha redio.

Maikrofoni za dukani za kazi hii siziwezi kwa bei. Nilichonacho ni dishi la televisheni lililokaa tu juu ya bati, na jirani yangu fundi simu anayeweza kunilehemia nyaya. Je, nianze na dishi, au kuna njia nyengine? Sauti hizi nataka zibaki, ziwafae watoto na yeyote atakayekuja kuzitafuta.

FundiRedio

Wa alaykum salaam kaka. Kabla ya dishi tuzungumze simu. Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu. Sauti ikiwa ndogo inaikuza, ikiwa kubwa inaishusha, na kinachofanana na kelele inakifuta. Bundi anayelia mara moja kisha akanyamaza anaichanganya kabisa: akinyamaza, simu inaukuza ukimya, ndio ule mvumo wako. Kuanzia Android 7 mfumo umeweka njia ya kuchukua sauti mbichi, ingawa si kila simu inayo. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho yote, na uhifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Kwa njia moja (maikrofoni moja tu), sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, saa nzima inakula kama MB 346, basi andaa kadi ya kutosha. Na ukitaka kututumia hapa, usipitishe kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaikata sana. Itume kama faili.

Cha pili ni kichwa cha maikrofoni, yaani kile kipande kidogo cha ndani kinachonasa sauti, na hapa ndipo pesa yako iende. Kila maikrofoni ina mvumo wake yenyewe. Kichwa cha Primo EM272 mvumo wake ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 tu. Vile vya bei rahisi vinavyotolewa kwenye hedseti hupita 30. Mchana barabarani hutaona tofauti. Usiku msituni, upepo umetulia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama una rekodi au huna. Kichwa chenyewe ni kidogo, upana wake milimita 10, kinaagizwa mtandaoni na bei yake haifiki hata karibu na ya maikrofoni kamili.

Kina miguu miwili. Ule uliounganishwa na ganda la nje ndio wa ardhi, mwengine ni wa sauti. Mwambie fundi wako asiweke joto muda mrefu, sekunde mbili tatu zinatosha, kwani kikipata moto sana kinakufa. Kinahitaji umeme mdogo ili kifanye kazi, na virekodi vingi vidogo vinautoa kwenye tundu lao la maikrofoni. Ukipata kirekodi kilichotumika, chukua hicho uiachie simu kazi yake.

BintiWete

Nakubaliana na FundiRedio, ila dishi nalo lina kazi yake, inategemea ndege gani. Dishi linakusanya sauti ikiwa urefu wa wimbi la sauti hiyo ni mdogo kuliko upana wa dishi. Sauti inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo dishi la sentimita 60 linaanza kusaidia kwenye hezi 600 hivi (mitikisiko 600 kwa sekunde), na kila mitikisiko hiyo ikiongezeka mara mbili linaongeza desibeli 6. Chozi na kinengenenge wana sauti nyembamba za juu, hao watakuja mbele mpaka utafurahi. Bundi sauti yake ni ya chini. Kwake utabeba dishi zito usiku kwa faida ndogo mno.

Halafu dishi la televisheni lina jambo ambalo wengi hawalijui. Yale madogo ya siku hizi ni kipande kilichokatwa upande mmoja wa bakuli kubwa zaidi. Kitovu chake cha kukusanyia hakipo katikati, kipo pale mwisho wa ule mkono, palipofungwa kichwa cha kupokelea. Kwa hiyo mkono usiukate. Toa kile kichwa, funga maikrofoni hapo hapo, uso wake ukitazama ndani ya dishi. Na ujue dishi la aina hii halitazami pale uso wake unapoelekea, linatazama juu zaidi. Weka redio ndogo mbali kidogo, vaa hedifoni, lisogeze taratibu mpaka sauti ikae sawa, kisha tia alama ya kukuonesha shabaha.

Ukipata bakuli la duara lenye umbo sahihi, hesabu ya umbali wa maikrofoni kutoka kitakoni mwa bakuli ni hii: upana wa mdomo uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa kina mara 16. Upana 60, kina 15, unapata sentimita 15, yaani maikrofoni inakaa sawa na ukingo. Karai la kukaangia litakuvutia lakini umbo lake ni la mviringo wa mpira, halikusanyi mahali pamoja.

Bati la dishi linalia likiguswa na jani au tone la mvua. Gandisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi nyuma yake yote.

MzeeWaMikarafuu

Mwanangu, mimi vyombo sivijui, lakini ndege hao nimekua nao. Bundi huyo haishi msituni peke yake, kwenye mashamba ya karafuu yumo. Mtafute akianza kulia baada ya magharibi. Mchana jua anapopenda kukaa, jioni ufike mapema, ukae chini, unyamaze. Atasogea mwenyewe.

Jambo la pili nakusisitizia. Wapo wanaomwogopa bundi kwa imani zao. Mtu akikuona usiku shambani na dishi na waya masikioni atafikiri mengine. Mpitie sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, umweleze, na mwenye shamba umwombe. Ngezi ni hifadhi, pita getini kwao upate ruhusa na mtu wa kukuongoza. Tena usimpigie ndege sauti yake mara kwa mara ili aitike. Anadhani kaingiliwa, anaacha kula na kulea.

Mkunguni

Naongeza kuhusu upepo, maana hakuna aliyeugusa. Miezi ya kusi maikrofoni iliyo wazi haifai hata dakika moja. Chukua machujio mawili ya plastiki, yaunganishe midomo upate kizimba cha mviringo. Maikrofoni ining'inie katikati kwa vipande vya mpira, isiguse popote. Nje vika kitambaa cha manyoya ya bandia, hata cha mwanasesere wa zamani, nywele zikiwa nje. Sponji la godoro peke yake halitoshi ufukweni. Mipira hiyo pia inazuia mtikisiko wa mkono wako.

Simu iliyo mfukoni izime mtandao, mawimbi yake yanaingia kwenye waya na kuacha mlio wa kukwaruza. Ukirudi nyumbani weka kila kitu kwenye ndoo yenye kifuniko na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu. Chumvi na unyevu wetu vinaua vichwa hivi haraka kuliko kuanguka.

MtotoWaKonde

Allah awalipe nyote. Mzee wangu shikamoo, kwa sheha nitapita kabla ya lolote. Kwa ninavyoelewa basi: vichwa viwili vya EM272 kwanza, kizimba cha machujio, kwa bundi nikae karibu bila dishi. Dishi nilibakishe kwa chozi asubuhi. Swali limebaki moja: naweza kuacha maikrofoni chini ya mti na mimi nikakaa mbali na waya mrefu?

BintiWete

Unaweza, na kwa bundi ndiyo njia bora. Ukipunguza umbali nusu unapata desibeli 6 bila kununua chochote. Anza rekodi kwa kutaja kwa mdomo ndege, mahali, tarehe na saa. Ukishapata safi, pandisha xeno-canto, maktaba ya sauti za ndege iliyoanzishwa 2005, kila mtu anasikiliza bure. Mahali pa kiota usipaandike.

FundiRedio

Waya uwe ule wenye wavu wa shaba kuzunguka uzi wa ndani. Wavu ulehemu mguu wa ardhi, uzi wa ndani mguu wa sauti. Mita 10 haitakusumbua. Waya wa spika wa kawaida usitumie, utanasa redio na mvumo wa nguzo za umeme. Kiwango cha kurekodi kiweke ili mlio mkubwa kabisa uishie kwenye desibeli 12 chini ya kilele, yaani mwisho wa kiwango cha kirekodi, ukizidi kilele unakatika na haurudi tena. Ukivipata hivyo vichwa niambie kirekodi chako ni cha aina gani, nikuchoree njia za plagi.