Naomba ushauri: rekodi zangu za uzimaji moto wa nyika hazikuhamia mfumo mpya

Ndugu zangu, hasa mnaofanya kazi ya kuzima moto wa nyika na misitu huko Marekani, naomba ushauri wenu. Nilikuwa katika kikosi cha serikali kuu, ambako mafunzo, uzoefu na sifa zetu huhifadhiwa katika IQCS, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wazimamoto wa serikali kuu. Sasa nimehamia kikosi cha jimbo kinachotumia IQS, mfumo mwingine wa aina hiyo unaotumiwa na majimbo, na ingawa kote hufuatwa viwango vya NWCG (chombo cha kitaifa cha kuratibu uzimaji moto wa nyika), rekodi zangu hazikunifuata.

Vyeti vya S-130 na S-190, yaani kozi za msingi za mzimamoto na za tabia ya moto, ninavyo, na jaribio la kutembea maili 3 kwa dakika 45 nikiwa na mzigo wa paundi 45 nimelifaulu mwaka huu. Kinachonikosesha usingizi ni kitabu cha majukumu cha kiongozi wa kikundi (kitabu ambamo anayejifunza cheo hicho husainiwa kila kazi aliyoimudu), ambacho kina muda wa miaka 3 tangu tathmini ya kwanza. Kurasa zake zina saini za walionitathmini kwenye mioto mbalimbali, lakini mtunza rekodi wa ofisi mpya haoni hata moto mmoja kwa jina langu, na bila mioto hiyo kuingizwa katika mfumo, kadi nyekundu, yaani kadi ya sifa za mzimamoto, itanitambua kama mzimamoto wa ngazi ya chini kabisa tu (Firefighter Type 2).

Je, nakala rasmi ya rekodi iombwe na mimi au na ofisi yangu mpya? Saini ya mwisho ya kuidhinisha kitabu itatoka wapi? Na kwa mioto isiyoonekana, je, fomu za tathmini na karatasi za saa za kazi zinatosha kuwa ushahidi? Aliyepitia hali hii tafadhali anieleze alianzia wapi, kwa kuwa msimu unakaribia.