Nimezoea slalomu ya theluji, maboya ya majini yananishinda. Ushauri wakuu

MtotoWaNaliendele: Wakuu, heshima kwenu. Nikiwa masomoni Austria nilishindana slalomu ya theluji (kuteleza mlimani kwa skii ukipinda kati ya nguzo) ngazi ya chuo. Sasa nipo Mtwara, jamaa yangu ana boti, na asubuhi tunaingia ghuba ya Mikindani kabla kusi haijaamka. Kusimama kwenye skii moja nikivutwa kwa kamba si shida. Shida ni kuzunguka maboya (madumu ya mafuta tuliyoyatia nanga): la kwanza napita, la pili kwa mbinde, la tatu boti imeshaniacha. Kipi cha theluji nibaki nacho, kipi nitupe?

NahodhaMstaafu: Mwanangu, anza kutupa madumu. Boya la mchezo huo ni laini, ukiligonga linabonyea. Dumu litakuvunja goti.

BintiShangani: Kaka, macho yako yabaki vilevile: yatazame boya linalofuata, si lililo miguuni. Nyonga kuingia ndani ya kona na magoti laini, hivyo navyo vinahama bila tabu.

Uzito ndio unaokuponza. Kwenye theluji unauweka kwenye mguu wa nje wa kona. Huku mguu wa nje haupo, yote miwili imefungwa kwenye skii moja, mmoja mbele ya mwenzake. Ukikandamiza wa nyuma, ncha inainuka, skii inapoteza mwendo, kamba inalegea, halafu inakaza ghafla na kukung'oa.

Halafu ile tabia ya kubana nguzo! Nguzo ya theluji ina bawaba, unaipiga kwa mwili na kupita. Nahisi boya nalo unalifuata hivyo hivyo. Kwenye uwanja rasmi kila boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa boti, na boti haikusubiri. Tanuka mapema, ubadili ubavu wa skii kabla ya boya, ulipite ukiwa umeshaanza kurudi. Ukigeukia palepale kwenye boya, la tatu hulipati.

KoroshoMbichi: Mimi naona ni mikono. Watu wa theluji huiweka mbele kama wameshika usukani. Boti ikivuta, mabega yanafuata.

BintiShangani: Hilo nalo kweli. Mlimani mteremko ndio unaokupa mwendo, huku ni kamba. Unapokata mawimbi ya boti, egemea upande usio na boti kwa mwili mzima, kishikio cha kamba karibu na nyonga. Ukikaribia boya, achia mkono wa nje, ule wa upande wa boti uunyooshe.

MtotoWaNaliendele: Asante dada. Tunaendesha kilomita 50 kwa saa, kamba mita 18.25.

BintiShangani: Kamba ni sawa, ndiyo ya kuanzia hata mashindanoni. Mwendo shusheni hadi 40 hivi. Kikomo cha wanaume ni 58, lakini hao wameshakomaa.

NahodhaMstaafu: Na ndani ya boti awepo mtu wa pili wa kukutazama. Dereva atazame mbele, mitumbwi na nyavu ni nyingi humo.

MtotoWaNaliendele: Sawa mzee, shikamoo. Dada, kishikio kiwe usawa gani hasa?

BintiShangani: Usawa wa mkanda wa suruali. Viwiko vibane mbavuni.