Naomba ushauri: niendelee na Eternal Love au niiache?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimekwama kwenye Eternal Love, ile tamthilia ya Kichina ya 2017 yenye vipande 58. Nilianza kwa kubishana na mdogo wangu, sasa hata usingizi sina.

Mwigizaji Yang Mi kazi anaijua. Mara ni Si Yin, mwanafunzi aliyejifanya mwanaume. Mara Susu, asiyejijua ni nani. Mara Bai Qian. Mtu mmoja, na bado unawatofautisha kwa namna anavyotazama tu. Ila pale Ye Hua, mpenzi wake Susu, anapomtoa Susu macho ili kumlipa Su Jin, mwanamke anayemtaka Ye Hua, nilizima simu nikakaa gizani. Shida yangu ndiyo hiyo: mwanaume huyohuyo baadaye nimpende? Eti alikuwa anamlinda!

Halafu mwigizaji Mark Chao ni Ye Hua na ni Mo Yuan, mwalimu wa Si Yin, pia, nimeshachanganya mara mbili. Wale wanyama wa kompyuta sisemi, wananichekesha hata penye msiba.

Mliomaliza, Ye Hua anajutia kweli au anasamehewa kirahisi? Na nikiruka vipande vya katikati nitapotea? Msinimalizie uhondo wote, tafadhali.